Nukta ya Tano

Jirani yangu pale Mwanga, mjini Kigoma, ni dada anayechora hina na tatuu. Tunatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, mimi na cherehani yangu, yeye na mashine yake inayovuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, kwa hiyo nasikia kila kitu bila kutega sikio. Wanakuja wasichana kuandikwa majina ya wapenzi wao, kifuani, shingoni, na mahali pengine ambapo sitapataja. Miezi michache baadaye wanarudi wale wale kuuliza kama jina linaweza kugeuzwa ua. Yuko mmoja wa Ujiji ambaye mgongo wake sasa ni bustani nzima. Mimi nina ulimi mwepesi, na siku nyingine huwaambia kupitia ukutani kwamba majuto ni mjukuu. Wao hucheka, kisha mmoja ataniuliza kuhusu kovu langu la mkono wa kulia, nami nitamjibu kwamba ni ajali ya pasi. Nililisema hilo kwa miaka mingi hata mume wangu akaliamini.

Haikuwa ajali.

Nilikulia kijijini Kidahwe, baba yangu akilima muhogo na maharage. Miaka ya tisini, vita vilipopamba moto Burundi, watu walipita barabarani kwetu na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Wengi walipelekwa kambini. Wachache waliopata mwenyeji wa kuwapokea walibaki vijijini, wakilima mashamba ya watu ili wapate chakula. Kwetu alifikia mama mmoja na watoto wanne. Lugha haikutusumbua, maana Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akisema taratibu mnaelewana mpaka matusi. Baba aliwapa chumba cha nyuma tulichokuwa tukiweka muhogo mkavu.

Mtoto wa pili alikuwa msichana wa umri wangu, miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa msichana peke yangu katikati ya kaka watatu, na nilimng'ang'ania kuanzia siku ya kwanza. Tulichota maji pamoja, tulimenya muhogo pamoja, tulichapwa pamoja. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda kaka zangu, na niliwaambia hivyo bila haya.

Wote wanne, pamoja na mama yao, walikuwa na alama kwenye mkono wa kulia, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Zilikuwa nukta nne nyeusi zilizopangwa mstari, na chini yake kistari kifupi. Mama yao aliwadunga mwenyewe kwa sindano na masizi, nyuma ya migomba, siku waliyoondoka kwao. Kila nukta ilikuwa mtoto mmoja, na kistari kilikuwa yeye. Alituambia kwamba njiani watoto wanapotea, na yule mdogo hakujua hata kutaja jina la mlima wa kwao. Nguo zinachakaa, alisema, na majina watu wanayabadilisha, lakini mkono mtu anakwenda nao popote. Kwa hiyo hata wangetawanyika, anayetafuta angeangalia mikono.

Mimi nikaitaka alama ile. Sijui nieleze vipi bila kuonekana mjinga. Niliona watu watano wenye kitu kimoja, nami nikala nao, nikalala nao, na sikuwa nacho. Nilimwomba yule mama, akakataa. Alisema alama ile ni ya shida, na mimi nina kwetu. Nikanuna siku mbili nzima, maana kununa nilikujua kuliko kusoma.

Alasiri moja, watu wazima wakiwa shambani, rafiki yangu alinipeleka nyuma ya migomba. Niliiba sindano tatu za mama yangu, tukazifunga pamoja kwa uzi. Tulikwangua masizi chini ya chungu cha maharage, tukayalainisha kwa maji kidogo kwenye kipande cha kibuyu. Akanidunga. Nilitafuna upindo wa khanga nisipige kelele. Alipomaliza nukta nne alisimama, akaangalia kazi yake, akaniuliza, "Na wewe je?" Hatukuwa tumefikiria hilo. Akaongeza ya tano pembeni, halafu akapiga kistari. Tukafurahi kama watu waliomaliza jambo kubwa.

Mkono ukavimba. Siku ya tatu baba alinishika nikiwa naumega ugali kwa mkono wa kushoto, akafungua kitambaa nilichofungia wa kulia. Alisema mtoto wake amejitia chapa kama ng'ombe, na akanichapa mpaka fimbo ikakatika. Yule mama alisubiri amalize. Kisha akachukua mkono wangu, akapitisha ukucha wake juu ya nukta, moja moja, akafika mwisho.

"Wanne nimeshindwa kuwalisha," alisema. "Wewe umenipa wa tano."

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi aliwaita watoto wake, akawakalisha kwenye mkeka, akamdunga kila mmoja nukta ya tano. Yule mdogo alimng'ata mkono. Mwisho akajidunga mwenyewe. Mama yangu alimwuliza kwa nini anawatesa watoto kwa ujinga wa mwanawe, naye akajibu kwamba alama isiyofanana haimtambulishi mtu. Mmoja akiwa na tano na wengine nne, basi zote ni za uongo. Nilipaswa kuona aibu kwa maumivu niliyowaletea. Mimi nilikuwa na furaha tupu, na nalisema kama lilivyokuwa.

Baada ya miaka miwili hivi likaja agizo kwamba wakimbizi wote waende kambini. Tulilia barabarani mimi na rafiki yangu mpaka dereva wa lori akachoka. Baadaye tukasikia wamerudishwa kwao. Barua moja ilinifikia kwa mkono wa mtu, ikisema wamefika salama, na baada ya hiyo kimya.

Nilipofika miaka ishirini nilikuja mjini kujifunza kushona, na huku ndiko alama iliponigeukia. Miaka ile kulikuwa na vizuizi barabarani, watu waliotoroka kambini wakitafutwa. Mimi Kiswahili changu kina Kiha ndani yake, na ofisa aliyetoka mikoa ya mbali hawezi kumtofautisha Muha na Mrundi kwa masikio. Basi aliangalia mkono. Mara mbili nilishushwa kwenye gari nikitoka kusalimia nyumbani. Mara zote mbili baba alikuja na mwenyekiti wa kijiji kuapa kwamba mimi ni wake. Mara ya pili aliniambia njiani kwamba anazeeka, na mimi bado namvunja miguu kwa ajili ya nukta tano.

Mara ya tatu nilikuwa na mama wa kijana aliyekuja kuwa mume wangu. Alikuwa ametoka Kidahwe kutoa barua ya posa, amekaa kando yangu na kitenge kipya. Ofisa alipouona mkono akasema anazijua alama hizi, akaniuliza nina ndugu gani kule ng'ambo. Nilimtazama mama mkwe, nikaona anasogeza kitenge chake mbali nami.

"Sina ndugu kule," nilisema. "Hao watu siwajui. Walinichora kwa nguvu nikiwa mtoto."

Akatuachia. Gari likaondoka, nami nikakaa na moyo mwepesi kabisa. Wepesi ule ndio ulionitesa baadaye kuliko maneno yenyewe. Njia nzima mpaka Mwanga nilikuwa naongea na mama mkwe habari za sare za harusi.

Wiki ile ile nilitia mkaa kwenye pasi, nikangoja ishike moto, nikaweka ncha yake juu ya nukta. Mara ya kwanza mkono ulikimbia wenyewe. Nikauweka chini ya goti, nikarudia. Mara ya tatu ngozi ilitoka. Aliyekuwa akinifundisha kushona alinipaka asali na kunigombeza kwa uzembe, na hapo ndipo neno ajali lilipozaliwa.

Wasichana wa jirani yangu wanadhani kujuta tatuu kunaisha tatuu ikiisha. Nami nilidhani hivyo. Lakini mimi kazi yangu ni sindano. Kila nilipotunga uzi kovu lilikuwa mbele ya macho yangu, laini, linang'aa, na nilikikumbuka chungu cha maharage. Niliolewa, nikazaa, nikahamia mtaa wa Katubuka, nikapata kibanda changu, baba akafariki. Vizuizi vikapungua, nami nikapata kitambulisho cha taifa baada ya maswali mengi. Hakuna aliyeniuliza tena mimi ni wa wapi. Mimi tu ndiye niliyejiuliza kama kuna mtu mahali fulani anayeangalia mikono.

Kisha Burundi ikachafuka tena, na watu wakaanza kuvuka upya. Asubuhi moja nilikuwa nakunja upindo wa gauni, mama mzee akasimama mlangoni akiwa ameshika fimbo. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali cha hospitali, macho yanamsumbua. Alishukia Kidahwe kwanza, na kaka yangu ndiye aliyempa mtu wa kumleta kwangu. Nilimjua kabla hajasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje." Mwanangu, kwa lugha yao.

Alikaa kwenye benchi la wateja, akanyoosha mkono, akachukua wangu wa kulia. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo alitafuta kwa kidole gumba. Alipapasa, akarudia, akasimama kwenye kovu. Nikamwambia haraka kwamba niliungua na pasi, ni ajali.

"Mtu akiungua na pasi anautoa mkono," alisema. "Huu ulishikiliwa."

Nikamweleza yote: ofisa, kitenge cha mama mkwe, na maneno niliyosema, neno kwa neno, maana sikuwahi kuyasahau. Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto watatu, sindano bado mkononi. Nyuma ya mbao mashine ya jirani ilikuwa imezimwa. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kusikia.

Yule mama hakuniambia kwamba amenisamehe. Aliniambia kwamba binti yake, rafiki yangu, alifariki akijifungua, mwaka wa pili baada ya kurudi. Alikuwa akiwaonyesha watu mkono na kuwaambia huyu wa tano yuko Kigoma. "Nimekuja kukupa msiba," alisema, "kwa sababu ni wako pia."

Nilimwomba anidunge tena. Alilipapasa kovu, akasema ngozi iliyoungua haishiki masizi vizuri. Nikampa mkono wa kushoto. Hakuugusa.

"Safari ile hukupata ruhusa yangu," alisema. "Leo uliza."

Nikamwuliza kama anakubali niwe na alama yake. Akaushika mkono wa kushoto, akasema ego, ndiyo.

Tulifanyia nyumbani kwangu Katubuka, uani. Jirani yangu alikuwa ametupa sindano mpya za kwenye pakiti na kichupa cha wino. Mama alipokea sindano, wino akaukataa, akaagiza chungu. Ni mimi niliyezifunga sindano kwa uzi, kwa sababu yeye hakuweza kuuona. Mume wangu alisimama mlangoni, na hapo ndipo alipousikia ukweli wa pasi kwa mara ya kwanza. Alisema tu kwamba mama yake angesikia angezimia. Nilimwuliza yule mama kama sasa zitakuwa nne, kwa kuwa mmoja amefariki. Akaniambia aliyekufa hajapotea, anajulikana alipo. Akadunga tano na kistari. Macho yake hayakumsaidia, na ya tano imetoka kubwa kuliko nyingine, imeteleza nje ya mstari. Jirani yangu hunisihi mpaka leo ainyooshe kwa mashine, dakika mbili tu.

Mkono ulivimba kama ule wa zamani, naye akakataa kuniacha kabla haujapoa. Kibali chake kikapitwa na siku moja. Nilipanda naye gari la Kasulu ili nimfikishe kambini. Kizuizini aliingia ofisa kijana, akasoma karatasi ya mama, akasema muda umekwisha, ashuke. Akanigeukia mimi. Nilimpa kitambulisho, akakiangalia pande zote, akanirudishia kwa heshima.

"Wewe mama huna tatizo," alisema. "Huyu unamjua?"

Injini ilikuwa inanguruma. Abiria walikuwa wameanza kuguna kwamba wanacheleweshwa.

"Ni mama yangu," nikasema.

Akatazama kitambulisho mkononi mwangu, akatazama karatasi mkononi mwake, akasema karatasi hizi mbili haziwezi kuzaana. Nikafungua kitambaa, nikaweka mkono wangu kando ya mkono wa mama. Akazihesabu nukta kwa kidole.

"Basi shukeni wote wawili."

Tukashuka, gari likaondoka. Tulikaa kwenye benchi lao mpaka alasiri, walipopiga simu kambini wakaambiwa wamwache aende. Kuna wakati aliuvuta mkono wangu wa kushoto mapajani mwake, akapitisha ukucha juu ya nukta, moja moja, mpaka ya tano, kisha akaufunga tena kitambaa.