Aliyevunja Ufunguo wa Ukumbi wa Chini

Shangazi yangu alipiga deki kaburini kwa miaka kumi na tisa. Ukimwambia mgeni hivyo anakutazama mara mbili, kwa hiyo ngoja nieleze. Kaburi lenyewe lilikuwa moja tu, la Muasisi wa taifa, na lilikuwa kubwa kuliko soko letu kuu: mnara, ngazi mia moja na kumi, uwanja wa gwaride, nyumba ya makumbusho yenye miwani yake na viatu vyake, na chini kabisa, nyuma ya mlango wa shaba, ukumbi wa duara alimolazwa ndani ya jeneza la jiwe. Watu wa mjini walipaita Kwa Mzee. Ukumbi wa chini ulikuwa mikononi mwa shangazi. Mlango wake ulikuwa na funguo mbili tu, mmoja kwa mkuu wa eneo, wa pili kiunoni mwa shangazi, kwenye kamba chini ya sare.

Kazi yake aliijua kwa magoti. Dekio la mti lilikuwa la ngazi. Marumaru ya chini aliipangusa kwa mkono, kwa tambara la pamba na sabuni laini, maana kitu chochote chenye ukali wa ndimu huitafuna marumaru na kuiachia mabaka. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa fundi sakafu, na alimfundisha tangu msichana kugonga kila jiwe kwa kifundo cha kidole. "Jiwe lililoshika linajibu kwa mkato," alimwambia. "Lililoachia lina maneno mengi." Basi shangazi aligonga kwa mazoea tu, kama mwingine anavyopiga mluzi akiwa kazini. Mawe yalikuwa mia tatu na kumi na mawili, na miaka yote hiyo yalimjibu kwa mkato.

Mpaka ulipokuja mwaka wa mvua nyingi.

Asubuhi moja alikuta maungio ya mawe yanatoa jasho. Aliyapangusa, akageuka kukamua tambara, akarudi akakuta yamelowa tena. Siku ya tatu kukawa na harufu, si ya uozo, ila ya tope la zamani, kama chungu kilichosahaulika uani. Wiki iliyofuata jiwe moja karibu na nguzo ya kushoto likamjibu kwa maneno mengi. Akaligonga tena. Akasogea la pili yake, la tatu. Alipofika la kumi na nne alikuwa ameegemea jukwaa la jeneza.

Alimwendea fundi pampu. Huyu alikuwa jirani yake wa kazi, mtu mfupi mcheshi ambaye kutwa alikuwa chini ya ardhi na mashine zake, na akipanda juu hujikinga jua usoni na kusema, "Kumbe bado mpo?" Eneo lote lilijengwa juu ya bwawa la matete lililofukiwa, na bila pampu zile mbili maji yangekuwa yanapiga hodi kila masika. Shangazi alimweleza. Fundi hakutania. Alichukua tochi akazama kwenye shimo la kukagulia misingi, akakaa huko saa nzima. Aliporudi alikuwa na tope hadi kifuani.

"Dada," alisema, "mchanga umeondoka. Maji yameuchukua kidogo kidogo. Kuna boriti moja pale chini inafanya kazi ya boriti sita."

"Sasa?"

"Sasa naandika ripoti. Ndiyo kazi yangu."

Aliandika kurasa mbili, akazipeleka ofisini kwa mkono wake. Siku ya nane hakuja kazini. Shangazi aliambiwa amehamishwa. Alipouliza wapi, karani aliinua mabega bila kuinua macho. Mahali pake alikuja kijana aliyejua kuwasha na kuzima pampu, basi. Sanduku la zana la fundi lilibaki palepale mlangoni pa chumba cha pampu, na kila aliyepita alilizunguka kama nyoka aliyelala. Mkewe alikuja getini mara mbili kumwulizia. Mara ya tatu askari wa zamu alimwambia, kwa upole uliomtisha zaidi kuliko ukali, asijisumbue tena.

Mtu mwingine angeishia hapo, na nani angemlaumu? Shangazi alimaliza wiki nzima bila kupata usingizi wa maana, kisha akapanda ofisini kwa mkuu wa eneo. Wafanyakazi walimwita Bwana Itifaki, kwa kuwa hata chai aliinywa kwa utaratibu: kwanza kijiko, kisha sukari, kisha salamu kwa picha ya Muasisi ukutani.

"Bosi, shikamoo. Sakafu ya chini imeachia."

"Marahaba. Imeachia nini?"

"Udongo, bosi. Chini yake ni tupu. Mawe yalikuwa kumi na manne mwanzo, leo kumi na tisa."

Bwana Itifaki aliweka kijiko chini, sambamba na kikombe. "Mama, pale amelala Baba wa Taifa. Unataka kuniambia Baba wa Taifa amelala juu ya shimo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sakafu."

"Sakafu ya Baba wa Taifa haiachii." Alitabasamu. "Wewe kazi yako ni juu ya jiwe. Ya chini ya jiwe yana wenyewe. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Vizuri. Na hilo neno usilitembeze."

Wiki hiyohiyo mtu mmoja alikwenda kwenye kibanda cha mume wa shangazi, fundi cherehani, akatoa shati jeupe lililopungua kifungo. Akashonewa, akashukuru, akaondoka. Kesho yake alirudi na shati lilelile, kifungo kilekile hakipo. Siku ya tatu tena. Alikaa kwenye benchi akitazama sindano inavyopanda na kushuka, halafu akasema, "Mkeo ni mchapakazi. Mwambie aendelee kuinama hivyohivyo. Wanaoinama hawajigongi vichwa."

Jioni ile mume alifunga mlango kwa komeo, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya kabla giza halijaingia. "Mke wangu," alisema, "sikio halipiti kichwa. Umesema, umesikika. Acha nife na wewe tukiwa wazee, usiniache nikutafute kwenye mageti kama mke wa fundi."

"Na wakianguka watu?"

"Watakuwa wameangukia kwao. Sisi tuna kwetu."

Shangazi akapakua chakula. Mimi nilikuwa nimeanza kukaa nao mwaka ule, nikisoma chuo cha ukarani, na nakumbuka walivyokula bila kutazamana, kila mmoja akimsogezea mwenzake mboga.

Ulikuwa mwaka wa arobaini tangu Muasisi azikwe, na maadhimisho yalipangwa makubwa. Safari hii, likatoka agizo, bendi ya tarumbeta na walinzi wa heshima wangeshuka ukumbi wa chini, wacheze gwaride kuzunguka jeneza, na kamera zirushe nchi nzima. Mazoezi yalifanyika juu uwanjani. Shangazi akiwa chini na tambara lake alisikia zile buti, za watu arobaini na nane kwa pamoja, na kila ziliposhuka maji kwenye ndoo yake yalitengeneza duara. Hao walikuwa juu kwenye zege nene, mbali naye.

Siku moja kabla, alikuta sakafu yake imewekwa alama za chaki, msalaba mdogo kwa kila mtu atakaposimama. Alizifuata akigonga. Misalaba ishirini na saba ilikuwa juu ya utupu.

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akainua ndoo ya lita kumi na tano na kumimina maji yote mahali pamoja, kwenye ufa mwembamba kama uzi. Maji hayakutambaa. Yaliingia kama yanayoingia kwa mwenye kiu, hadi tone la mwisho, na baada ya kitambo kidogo akasikia yakidondoka, mbali chini, ndani ya maji mengine.

Asubuhi ya maadhimisho aliamka mapema, akaoga, akavaa sare iliyopigwa pasi. Mumewe alikuwa macho. Alimwona akichukua koleo la chuma la kubania kutoka kwenye droo ya zana za kushonea na kulitia mfukoni. Hakumwuliza la nini. Alimwambia tu, "Chukua na sweta. Huko wanakoweka watu kuna baridi."

Kwa Mzee kulikuwa na mapambo kila nguzo. Shangazi alishuka ngazi na ndoo yake, na walinzi hawakumtazama mara mbili, maana nani humtazama mpiga deki? Aliufunga mlango wa shaba kwa nje, akazungusha ufunguo mara mbili hadi ukakwama, akaushika kwa koleo na kuupinda kwa nguvu zake zote. Ulikatika kama kijiti. Kipande kikabaki ndani ya kitasa. Kisha akageuza ndoo juu chini, akaikalia, akasubiri.

Wa kwanza kushuka alikuwa mkuu wa bendi, mtu mnene mwenye tarumbeta kwapani, na watu wake nyuma. Akajaribu mlango. "Mama, fungua."

"Haufunguki. Nimevunja ufunguo ndani."

"Umevunja? Kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi, baba. Sakafu ni tupu. Mkipiga buti humo hamtoki."

Mkuu wa bendi aliinua mkono kuwazuia watu wake. Shangazi alisema kila mara kwamba yule mtu aliamini palepale, kwa sababu hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni Bwana Itifaki, aliyeteremka mbio, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakufuata utaratibu wowote. Alijaribu ufunguo wake, haukuingia. Aliita mafundi, wakasema mlango kama ule unahitaji kutoboa kwa saa sita. Wageni wakubwa walikuwa wanafika saa moja baadaye. Basi tarumbeta zikapandishwa juu, gwaride likachezwa uwanjani, nchi nzima ikatazama, na shangazi akaingizwa kwenye gari lisilo na namba.

Walimweka siku ishirini na tatu. Hatukuambiwa wapi. Chumba, alisema baadaye, kilikuwa na taa isiyozimwa na meza moja. Kila siku alikuja mtu yuleyule mwenye daftari.

"Nani alikutuma?"

"Sakafu."

Yule mtu aliandika. Kesho yake akaja na swali jipya: "Huyu Sakafu anaishi wapi?" Shangazi alituhadithia hilo huku akicheka, lakini mkono wake uliendelea kukunja na kukunjua pindo la sweta.

Siku ya ishirini na nne walimshusha njia panda karibu na nyumbani, bila neno, bila karatasi. Alikuwa amekonda na kuna jino halipo. Kuhusu jino hakusema, nasi hatukuuliza. Kwa Mzee kulikuwa kumefungwa kwa ukarabati wa kawaida, ndivyo bango lilivyosema. Kwa miezi miwili malori ya zege yalipita mbele ya kibanda cha fundi cherehani, mchana kutwa, mpaka vumbi la saruji likawa linakaa juu ya vitambaa vya wateja.

Habari yenyewe ililetwa na mkuu wa bendi. Alikuja kibandani mchana, amevaa kiraia, na suruali ya kupunguza. Alipohakikisha tuko peke yetu alimgeukia shangazi.

"Waliutoboa mlango siku ya tatu," alisema. "Wakatuita watu watano tusaidie kutoa mashada ya zamani. Hatukuyatoa. Nusu ya ukumbi haikuwepo, mama. Imeshuka yenyewe, hakuna aliyeigusa. Maji meusi, na lile jeneza limeinama, limeshikwa na boriti moja." Akafuta jasho. "Tuna watoto, sote arobaini na nane. Sijui nikuambie nini."

"Usiniambie kitu. Fundi pampu umemsikia popote?"

Alitikisa kichwa. Akaacha suruali, wala hakurudi kuichukua.

Miezi sita baadaye ukumbi ulifunguliwa, sakafu mpya, nyekundu. Ndipo ilipokuja bahasha yenye mhuri. Ndani mlikuwa na barua inayosema kwamba mtumishi huyu aliacha kazi kwa hiari kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kwamba hakuwahi kuona kasoro yoyote katika jengo, na kwamba akitia sahihi atalipwa kiinua mgongo chake. Nilimsomea mara mbili. Miaka kumi na tisa ya kuinama, na mgongo huo ulihitaji kuinuliwa kweli.

"Akili yangu nzima," alisema shangazi.

Mimi nilimtazama mumewe, nikitegemea atamsihi kama alivyomsihi mwanzo. Aliichukua ile barua, akaikunja kwa uangalifu kama kitambaa cha mteja, akairudisha kwenye bahasha. "Ipeleke posta," aliniambia. "Waambie hapa hakuna mgonjwa."

Niliipeleka. Huu ni mwaka wa pili, na hakuna aliyejibu. Shangazi anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, anarudi saa kumi, anapika, tunakula watatu mlango ukiwa na komeo. Gari likipunguza mwendo huko barabarani, wote wawili huacha kutafuna, na mimi naacha pia, mpaka lipite.