Pori la Yahuma na Programu Mbili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ningali naiona mbele ya macho yangu: siku nilipolichukua pori la watu wa Yahuma na kulipeleka Ituri, mbali mashariki. Sikuhitaji gari wala mtumbwi. Nilitumia kidole kimoja kwenye kompyuta, nikiwa nimevaa blauzi mpya.

Nakusimulia leo kwa sababu asubuhi nimekusikia ukibishana na wenzako ofisini ni programu ipi bora ya kuchorea ramani, ya leseni au ya bure. Mlipiga kelele mpaka mama anayetuuzia lituma, zile ndizi za kupondwa, akachungulia dirishani akidhani mnagombana. Nilicheka peke yangu. Ubishi huo mimi niliuanza kabla hujajua kusoma, na kesho wewe unakwenda Opala kupima ardhi ya watu. Basi kaa, nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke wa kwanza kukaa mbele ya kompyuta ya ramani katika ofisi yetu. Nilijivuna, sikufichi. Kompyuta kubwa ilikuwa na programu ya leseni, nasi tuliiita Madame. Madame alijua kupendeza! Majina ya vijiji hayakupandana, ufunguo wa ramani ulijipanga wenyewe, na ukikwama ulikuwepo mtu wa kumwandikia akakujibu. Lakini alikuwa mzito, alitaka mashine yenye nguvu, na leseni ikiisha anakufungia mlango na kazi yako ikiwa ndani.

Programu ya bure ilikuwa kwenye laptop ya Papa Losala, mpimaji wetu mzee, laptop iliyong'oka herufi E. Ile haikumwomba mtu ruhusa. Ungeiweka kwenye mashine kumi, hata zile chakavu, na wanafunzi wangekwenda nayo nyumbani. Kasoro zilikuwepo: kupanga majina siku zile kulichosha, na kila toleo jipya lilipotoka, kitu kimoja ulichokizoea kilikataa kufanya kazi. Mimi nilisema ni programu ya wasio na kitu. Nilisema hivyo mbele ya Papa Losala, naye akaendelea kunywa chai yake.

Mwaka huo watu wa kijiji kimoja cha Yahuma waliomba pori la mababu zao liandikwe kwa jina lao. Kampuni moja ya mbao ilikuwa inalitaka pori hilohilo. Papa Losala alikwenda huko, akazunguka mpaka wote kwa miguu pamoja na mkubwa wa kijiji, Papa Bofola, akaandika namba za kipimo katika daftari, kituo kwa kituo. Papa Bofola akaja ofisini kwetu Kisangani kutia saini. Faili lilipaswa kuwekwa serikalini Ijumaa mchana. Likichelewa, la kampuni lingetangulia.

Jumatano leseni ya Madame ikaisha. Nikakaa siku nzima nikisubiri nyingine kutoka Kinshasa, maana laptop ya mzee nisingeigusa. Alhamisi nikaishiwa na njia, nikaigusa. Nikaingiza namba zote, nikachora, nikapaka kijani. Pori likatokea na mikunjo yake yote, zuri kabisa. Nikamwita Papa Bofola aje aone.

Aliinama juu ya meza muda mrefu.

"Umbo ni yenyewe," akasema. "Lakini mto yetu iko wapi? Tia mito, mama, nione."

Nikatia mito. Mto mmoja ukakatiza katikati ya pori, kushoto kwenda kulia. Papa Bofola akautazama, akatikisa kichwa.

"Hii mto haiko ya kwetu. Mimi njo nilizaliwa kule."

Mwanangu, sikia nilivyomjibu mzee yule, mtu aliyesafiri siku nyingi mtoni kuja kwetu. Nilimwambia, "Papa, mashine ndiyo inajua." Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo naona aibu.

Papa Losala akaweka kikombe chini, akaja, akasoma namba za pembezoni mwa ramani.

"Longitude vingt-neuf," akasema, yaani ishirini na tisa. "Bon. Zaina, pori ya batu umeitupa Ituri."

Nikaruka. "Ni hii programu yako ya bure! Nilisema mimi!"

Ijumaa asubuhi leseni ikafika, nami nikamwendea Madame mbio, nikiwa na uhakika kwamba sasa nitamwonyesha mzee. Namba zilezile, hatua zilezile. Madame akalichora pori, akalipanga kwa herufi nzuri kuliko za laptop, akaliweka Ituri, palepale. Saa zilikuwa zinakwenda, na Papa Bofola ameketi kwenye benchi, kofia magotini, akitutazama sisi aliotukabidhi pori lake.

"Donc hata Madame iko ya bure?" Papa Losala akauliza, akanisukumia daftari. "Soma kule juu. Si nilikuandikia?"

Juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu: kanda 34. Mimi nilianza na namba, sikusoma kichwa. Kipimo hiki, unajua, huigawa dunia vipande sitini mithili ya chungwa, ndizo kanda, na namba ileile hurudi katika kila kipande. Kisangani ni kanda ya thelathini na tano. Yahuma, kwa kuwa iko magharibi, ni ya thelathini na nne. Programu zote mbili ziliniuliza kwa adabu: kanda gani? Na mara zote mbili nilijibu thelathini na tano bila kufikiri, kwa sababu mimi ni mtoto wa Kisangani na nilidhani dunia yote inaanzia hapa.

Nikarekebisha kwenye kompyuta ya Madame. Kabla sijahifadhi, umeme ukakatika. Kumbe laptop isiyo na E ilikuwa na betri! Nikafanyia humo. Pori likarudi nyumbani, nikatia mito, na Papa Bofola akashusha kidole juu ya kioo, akaufuata mto wake kona kwa kona akizitaja kwa majina, hapa tunaloweka mihogo, hapa bibi yangu alizikwa. Tukakimbia kuchapisha kwenye duka la fotokopi lenye jenereta. Faili likaingia mchana uleule.

Pori hilo mpaka leo ni lao. Ramani yake, ya programu ya wasio na kitu, wameitundika kwenye ukumbi wa kijiji, na chini pembeni kuna jina langu. Nimechora mamia tangu hapo, na hakuna ninayojivunia kama hiyo.

Basi ukiniuliza ipi bora, nitakujibu: itumie ya leseni ukiwa nayo na umeme upo, na ijue ya bure mpaka ndani, kwa sababu hiyo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini zote mbili zitakubali kosa lako na kulipamba. Soma kichwa cha daftari kabla ya namba. Opala iko upande wa pili wa Ikweta, nayo ina mtego wake. Ukiulizwa kaskazini au kusini, usijibu kwa mazoea ya Kisangani. Na kabla hujachapisha, mwite mtu wa mahali pale, mpe kiti, mwambie aweke kidole juu ya mto wake. Akisema siyo wake, mwamini yeye.

Haya, nenda. Mungu akulinde juu ya maji ya Lomami, akupe masikio ya kuwasikia wazee wa huko, na siku moja uone jina lako pembeni mwa ramani kijijini kwa watu, ukae hapa nilipokaa mimi, ujivune.