Kibao Kilichotazama Ndani

Mimi ni dobi, na dobi bila jua hana kazi. Uani kwangu nina kamba sita za kuanikia, na zote zinategemea jua linalopita juu ya ukuta wa jirani yangu. Naanza na hilo ili ujue nilikuwa najinyima nini siku nilipotia sahihi kwenye fomu ya Mama Honi, kuridhia banda lake la gari lijengwe kwa kuegemea ukuta ule. Nilijua kabisa kwamba kuanzia saa tisa alasiri kamba zangu mbili zitakuwa kivulini. Nikasaini. Na bado nikaja kuitwa msaliti.

Mama Honi alikuwa dereva wa gari la shule. Jina hilo alipewa na watoto, maana kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alipiga honi mbili fupi mbele ya kila nyumba yenye mwanafunzi wake, na mtaa mzima ukaamka kwa honi hizo. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba, watoto wawili na gari dogo la viti kumi na vinne ambalo yeye hakujua hata kuliwasha. Baada ya miezi mitatu alikuwa na leseni mkononi. Watu walimcheka, mwanamke mfupi yule akipanda na mto wa kukalia ili aone barabara. Alicheka nao, akaendelea na safari zake. Watoto wake wote wawili wamesomeshwa na usukani ule.

Halafu shule ikatoa barua. Muhula mpya ukianza, gari linalolala barabarani halitabeba mwanafunzi. Lilale kwenye banda lenye paa, ukuta na kufuli, na banda lenyewe liwe na kibali cha ujenzi. Mama Honi alikuwa na miezi mitatu ya kukamilisha yote hayo, la sivyo kazi imekwisha. Akamwita mchora ramani, akapimiwa kile kipande cha uwanja kati ya jiko lake na ukuta wangu, akaanza kupanga foleni kwenye ofisi ya vibali.

Nyumbani kwake aliishi pia mdogo wake wa kiume, fundi mwashi, ambaye watoto wa Mama Honi walimwita Mjomba na sisi sote tukafuata. Alikuja wiki ya msiba ili kukaa siku mbili tatu, akakaa miaka kumi na mmoja. Alipewa chumba cha uani, akalishwa, na mashati yake nilifua mimi kwa sababu dada yake aliniomba. Mtanashati, mwenye maneno laini, kola imenyooka muda wote, nami ndiye niliyeinyoosha.

"Dada, fundi wa nje hakanyagi hapa," alisema siku ramani ilipoletwa. "Hili banda nitalijenga mimi mwenyewe."

Dada mtu akamwangalia mpaka macho yakamlengalenga.

Sasa, ofisi ya vibali ina utaratibu wake. Kabla ya kuamua lolote, mwombaji hutundika kibao getini kwa siku ishirini na moja. Kibao kinaeleza kazi inayoombwa, kinataja jina kamili la mwenye nyumba, na kinamwelekeza mwenye pingamizi alipeleke wapi. Mjomba alijitolea kukitundika. Akakitundika maandishi yakitazama ndani.

"Mjomba, kibao chako kinasomwa na kuku," nilimwambia.

Akacheka. "Ni upepo huo, dada. Nitakigeuza."

Hakukigeuza. Alhamisi nilikigeuza mwenyewe, na Jumamosi nikakikuta kimetazama ndani tena. Nikalaumu upepo, mjinga mimi.

Na Jumapili yake nilisikia jambo ambalo hadi leo linanikaa rohoni. Nilikuwa naanika mashuka, Mjomba akaingia uani kwao na wageni, binti aliyekuwa akimchumbia pamoja na baba wa binti. Dada yake alikuwa kanisani. Nikamsikia ng'ambo ya ukuta, sauti imenenepa: "Hapa kwangu nataka kuweka banda. Pale nitaongeza vyumba. Dada yangu nimemsitiri tu, si unajua tena, mjane." Nilibana kibanio mdomoni nisicheke kwa sauti. Nikasema moyoni, mwanamume akichumbia lazima atie chumvi. Sikumwambia Mama Honi neno. Ningemwambia siku ile, nisingekuwa na hadithi hii ya kusimulia.

Siku ya ishirini barua ikaja. Mama Honi alinifuata uani nikiwa na mikono ya povu, akanisimamia bila salamu.

"Kama hukutaka, ungenikatalia usoni," alisema. "Mimi na wewe tumefichana nini?"

"Kukataa nini, mwenzangu?"

"Mimi si mwenzako. Soma."

Barua ilisema pingamizi limepokelewa. Mahali pa banda pana shimo la choo cha zamani lililofukiwa, hatua saba kutoka ukuta wa jikoni, na mwombaji hakulitaja. Maombi yamesimamishwa.

"Aliyepeleka hawamtaji," alisema. "Lakini nani mwingine ananyimwa jua na banda langu? Nani mwingine mtaa huu?"

Nyuma yake, kwenye geti langu, alisimama Mjomba akitikisa kichwa kwa huzuni kama aliyefiwa. "Dada, achana naye," alisema. "Watu ndivyo walivyo. Twende nyumbani."

Wiki mbili hatukusalimiana. Nguo zake akapeleka kwa dobi wa mtaa wa pili, yule anayeunguza kola. Asubuhi nikisikia honi zake, nilifungulia bomba maji yazifunike. Niliumia, sitaficha. Nimekunywa chai kwenye kibaraza cha yule mwanamke miaka tisa, nimemkandia mgongo alipoteguka, leo nimekuwa mchawi wake kwa ajili ya kamba mbili za nguo!

Hasira ndiyo iliyonifumbua macho. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mtu, narudia yale maneno ya barua ili nizidi kuchukia, nikafika kwenye "hatua saba". Nikaweka pasi chini. Hatua saba nimezijulia wapi mimi? Nilienda kwake vile vile, aproni kiunoni.

"Hilo shimo lilifukiwa lini?" niliuliza mlangoni.

"Mwaka wa msiba. Nililisahau kabisa, ndiyo maana sikumwambia mchora ramani. Unauliza nini unachokijua?"

"Nimehamia hapa lini?"

Nilihamia miaka miwili baada ya msiba, na yeye ndiye aliyenisaidia kushusha vitanda.

"Shimo hilo nimelijulia kwenye barua yako," nilisema. "Nani alilifukia?"

Alishika kitasa cha mlango kwa mikono yote miwili. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Usinigombanishe na damu yangu."

"Sikugombanishi. Kesho twende ofisini wote wawili. Nataka kuiona barua ninayoambiwa nimeiandika."

Ofisini tulipokewa na karani mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alitoa faili, akaweka rula juu ya jina ili tusilione. Jina haliruhusiwi, alisema, mengine someni. Tukasoma habari za shimo, neno kwa neno kama zilivyokuwa kwenye barua. Chini yake palikuwa na mstari mmoja ambao barua haikuutaja. Uhusiano wa mwenye pingamizi na kiwanja: mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ni mimi," Mama Honi alisema.

"Ndiyo shida yetu, mama. Shimo si kitu, linachimbuliwa, linajazwa mawe, wiki moja limekwisha. Lakini hapa tuna wenye nyumba wawili. Mmoja anaomba banda, mwingine analikataa. Leta hati yako, na maombi yaanze upya."

"Yatachukua siku ngapi?"

"Sitini, yakienda vizuri."

Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku kumi na tisa. Mama Honi aliitazama ile rula muda mrefu. Karani akageuka kutafuta fomu mpya kwenye kabati, na rula ilikuwa pale pale, ya kusogezwa kwa kidole kimoja. Hakuisogeza.

Njiani nilimsimulia yale niliyoyasikia Jumapili ile ng'ambo ya ukuta. Tulipofika, Mjomba alikuwa akiosha gari, suruali ameikunja hadi magotini, ndoo pembeni. Alitabasamu kumwona dada yake, na aliponiona mimi nyuma, tabasamu likapungua.

"Dada, wamesemaje?"

"Wamesema mwenye nyumba amekataa."

Aliendelea kufuta kioo cha pembeni, kilichokuwa safi tayari. "Mwenye nyumba gani tena?"

"Nilitaka kukuuliza wewe. Sisi wapangaji wako tuhame lini?"

Kitambaa kikamdondoka kwenye ndoo. Alinitazama mimi kwanza, akatazama geti, kisha akainamisha kichwa. "Dada, baba mkwe anapita hapa kila siku. Jina lako pale getini, kwa herufi kubwa vile, lingenivua nguo. Niliona banda likikwama, na kibao kitatoka. Basi. Sikufikiria zaidi ya hapo."

"Ungeniambia mimi," Mama Honi alisema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Ningekuazima nyumba. Wakija wakwe zako ningewaandalia chai na kuinamisha uso, waondoke wakijua unanilea. Uongo huo ningeubeba, mdogo wangu, ni mwepesi kwangu. Lakini umechukua gari langu. Na ukanionyesha jirani yangu kwa kidole, nikamtukana, wewe ukiwa umesimama pale pale."

Mjomba alisema pole. Alisema mara tatu, nilihesabu. Dada yake alichukua ndoo, akamalizia kuosha tairi la nyuma lililobaki, akaingia ndani.

Wiki ile ile Mjomba alifungasha, akahama. Harusi yake tuliisikia tu. Shule ilimpa dereva mwingine ile njia, na watoto wakafundishwa kupanda gari la mtu mwingine.

Siku mbili baada ya shule kufunguliwa, Mama Honi alibisha kwangu na fomu mpya. Maombi yakianza upya, na sahihi ya jirani huanza upya. Alisimama kizingitini, kalamu mkononi, akitazama miguu yangu.

"Mwenzangu," alisema, "nakuomba kwa uso gani?"

Nilisema alete hiyo kalamu, maji yanapoa. Nikasaini kwenye mstari ule ule.

Kibao alikitundika mwenyewe safari hii, kwa misumari minne, maandishi yakitazama barabarani. Kibali kikatoka, banda likajengwa na fundi wa kukodi, na saa tisa alasiri kamba zangu mbili ziko kivulini kama nilivyojua. Gari linalala ndani. Siku hizi anapeleka mikate madukani, anatoka asubuhi saa ile ile ya zamani, ila mikate haiitwi kwa honi.