Kitu Kilichokula Chuma

Juzi huko Nchiru nilimwona fundi ameegemeza bisibisi kwenye injini ya pikipiki, mpini sikioni, akisikiliza. Nikamkumbuka Baba akifanya hivyo uani kwetu Kanja alasiri moja, harufu ya oili iliyoungua ikichanganyika na ya maziwa aliyopaswa kuyapeleka sokoni.

Alikuwa ameweka kamshafti mpya, kile chuma kinachofungua vali za injini, majuzi tu, lakini injini bado iligonga kama sufuria yenye mawe. Akaifungua, akapitisha kidole juu ya kile chuma.

"Imeliwa," akasema.

"Baba Wanja, si uliweka mpya?" Mama akauliza.

"Mpya ndiyo hii."

"Imeliwa na nini?" nikauliza.

"Hata mimi sijui." Akaitupa spana kwenye migomba.

Niliamini kuna mnyama mle ndani. Nilichuchumaa nyuma ya pikipiki, nikachungulia bomba la moshi, nikimngoja atoke.

Leo najua kwamba njia ya oili ilikuwa imeziba, vyuma vikasagana vikavu. Baba hakuwahi kuiangalia njia hiyo. Alinunua kamshafti nyingine, nayo ikaliwa vilevile, mpaka akarudi kubeba maziwa kwa baiskeli, akiisukuma mlimani.