Mke Mwenza wa Chuma

Mzee Ukasha wa Mtawanya alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Ukimwambia jambo akakujibu "naam", usidhani amekusikia. Pengine alikuwa mbali, bondeni, ambako maji ya mto yakishuka huacha tope jeusi, laini, lenye kunukia. Hapo ndipo yeye na mkewe Shufaa walipopanda mahindi ya mlau, yale yanayokua kwa unyevu wa mafuriko bila kungoja mvua. Ukasha alichimba mashimo, Shufaa akadondosha punje tatu tatu, na kwa miaka thelathini na minane hakuna aliyemkuta ameweka nne.

Msimu uliopita Shufaa aliteleza akishuka kwenye dungu, kibanda chao cha miguu mirefu cha kulindia shamba dhidi ya nguruwe, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, ila mwendo wa shambani ukamshinda. "Mimi sasa ni wa mkekani," alisema, na shamba hakulitaja tena. Ukimya ule ulimuuma Ukasha kuliko alivyoonyesha.

Ndipo akaikumbuka mashine ya kupandia iliyoachwa nyuma ya ghala la kijiji, imefunikwa na majani. Aliiomba, akapewa kwa kicheko. Ilikuwa ya mistari miwili, ina masanduku mawili ya mbegu na kiti cha chuma nyuma. Haitham, jirani yake, akaahidi kuivuta kwa pawatila, trekta lake dogo la magurudumu mawili.

Wiki tatu Ukasha aliishi na mashine ile. Aliloweka nati kwa mafuta ya taa, akakwangua kutu hadi rangi ya kijani ikachungulia. Fundi wa Kibiti akamchomelea fremu. Kiti alikifungua akakiweka kando, kwa kuwa hakuona nani wa kukikalia. Mara nyingine alisimama tu, kitambaa mkononi, akiona mistari ya mahindi ikienda mpaka kwenye ukungu wa mto, akasahau hata chai.

"Baba Bashiru," Shufaa aliita kutoka mkekani, "mke mwenzangu umeshamwogesha leo?"

"Mke mwenza gani tena, mama Bashiru?"

"Huyo aliyechukua kazi yangu."

Alisema kwa utani, lakini utani wenyewe ulikuwa na meno. Ukasha akaendelea kusugua chuma.

Siku ya majaribio wakaisukuma uani, yeye na Haitham. Sahani za ndani, zenye matundu ya kuhesabia mbegu, zilikuwa za punje ndogo. Mahindi ya Shufaa, aliyoyatunza juu ya moshi wa jiko, yalikuwa manene, kwa hiyo Ukasha alikuwa ameyapanua matundu kwa tupa. Akapanua mno. Mashine ikamwaga konzi nzima ya mbegu, ikanyamaza hatua tano, ikamwaga nyingine. Kuku wa mtaa mzima wakaja mbio kama walioalikwa karamu.

Shufaa alicheka mpaka akajifuta machozi. Tangu aanguke hakuwa amecheka hivyo. Ukasha yeye alijiinamia. Bondeni tope lilikuwa limebakiza siku chache tu kabla ya kukauka na kupasuka, na likishapasuka hakuna cha kupanda.

"Nimeshindwa, mama Bashiru."

"Hizo sahani zitoe. Mirija ya kushushia mbegu iache wazi. Kiti umekitupa wapi?"

"Nimekikalia."

"Basi inuka. Huyu mwenzangu hajui kuhesabu. Zamu yake imekwisha, sasa ni yangu."

Siku ya tatu, alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, Haitham aliendesha pawatila taratibu kabisa. Shufaa alikaa juu ya kiti cha chuma kilichowekewa mto wa sufi, amefungwa kiunoni kwa kanga, pakacha la mbegu mapajani. Kila mara kitambaa chekundu, alama ya kipimo iliyofungwa kwenye gurudumu, kilipopanda juu, mikono yake miwili ilidondosha punje mirijani kwa pamoja, tatu kulia na tatu kushoto. Ukasha alifuata nyuma akifukia kwa mguu. Alifukua shimo moja, akahesabu. Tatu. Akafukua jingine. Tatu. Akasimama pale, tope likimfika vifundoni, akalia bila kuona haya.

"Mama Bashiru!" aliita. "Umechoka?"

Shufaa hakugeuka, mikono yake ilikuwa na kazi. "Tembea, baba Bashiru," alisema. "Unatuchelewesha."