Wangapi Mnaishi Humu

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Pemba, Msumbiji, nililipenda somo la takwimu hata kabla sijalielewa. Wenzangu walilichukia. Walikuja kusomea uuguzi na afya ya jamii, habari za wastani na sampuli waliziona adhabu. Mimi lilinipumzisha. Tangu tukimbie vita mjini kwetu Mocímboa, kila niliyekutana naye aliniuliza nimetokea wapi, tulikuja na nani, nani alibaki. Darasani kwa takwimu hakuna aliyeniuliza. Unajumlisha, unagawa, unapata jibu, na jibu langu lilikuwa lilelile la binti wa tajiri aliyekaa kiti cha mbele.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kusini, mrefu, mkavu wa maneno. Tulimwita dotori, kama wasomi wanavyoitwa kwetu. Hakuwa na mzaha, wala hakumwonea mtu. "Ukishaweka kanuni," alituambia kwa Kireno chake cha taratibu, "unaifuata hata pale isipokupendeza."

Katikati ya muhula alitutuma nje, wawili wawili. Kila jozi ipewe mtaa, ihesabu nyumba, iingie kila nyumba ya tano na kuuliza maswali ya karatasi moja: wangapi wanaishi humo, maji wanachota wapi, choo wanacho, nani aliugua homa mwezi uliopita. Akauliza nani anajua Kiswahili na Kimwani, lugha ya pwani yetu. Tulinyoosha mkono wawili, mimi na kijana mmoja Mmakonde, Mkristo, ambaye baba yake aliwahi kusomesha Mocímboa. Tukapangiwa Mocímboa. Kisha dotori akataja mtaa. Ulikuwa mtaa wetu. Nilimficha dotori. Mama na mdogo wangu wa kike walikuwa wamesharudi kule miezi kadhaa nyuma, nami nilitaka kuwaona.

Tulifika asubuhi, tukaanza kuhesabu kutoka sokoni bila kupumzika. Nyumba nyingi zilikuwa kuta tupu, majani yameota hadi vyumbani. Kanuni ilisema nyumba isiyo na watu iandikwe hivyo, kisha tuendelee. Nikaandika. Hapa alikaa mwanamke aliyetuuzia mikate ya mchele, haina watu. Hapa palikuwa na fundi cherehani, haina watu. Mwenzangu aliniuliza kama niko sawa, nikamwambia tuendelee.

Karibu na adhuhuri hesabu ya tano ikaangukia nyumba ya mama.

"Hapa siwezi," nilimwambia. Dotori alikataza mtu kuwauliza ndugu zake. "Uliza wewe."

Mama alikuwa uani akimenya mihogo. Aliponiona alicheka kwa furaha, akanishika uso kwa mikono yenye utomvu wa mihogo. Kisha akaziona karatasi. Akajifuta mikono, akajifunga vizuri kanga yake, akakaa wima kama yuko ofisini.

"Shikamoo mama," mwenzangu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Uliza tu."

"Wangapi mnaishi humu?"

"Watano."

Kalamu ikasimama. Mwenzangu alizijua habari zetu. Nilimsimulia tukiwa njiani. Siku tuliyokimbia, tulikuwa tumeshafika kwenye mikoko, baba akasema tumesahau vyeti na unga. Akarudi na kaka yangu. Tuliwangoja hadi maji yakatufika magotini. Baadaye mtu mmoja alisema alimwona kaka akitembezwa porini na wavamizi, yeye na mateka wengine wamebebeshwa magunia. Habari za baba hakuna aliyetuletea.

"Mama," mwenzangu alisema polepole, "tumeagizwa kuhesabu wale waliolala humu jana."

"Jana tu?" Mama alimtazama. Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mimi. Mdogo wake huyu. Huyu mwenyewe, japo yuko shule. Kaka yao. Baba yao. Nyumba hii kaijenga baba yao. Sasa yeye utamwandika anaishi wapi?"

Mwenzangu akanigeukia, akaniuliza kwa Kireno ili mama asielewe, "Niandike nini?"

Sijui kwa nini nilimjibu kwa Kiswahili.

"Andika wawili."

Mama hakukasirika. Aliyajibu maswali yaliyobaki, ya kisima, ya choo, ya homa, kwa ufupi, kama anavyojibiwa mgeni wa serikali. Tulipoinuka alitufungia mihogo kwenye mfuko. "Haya," alisema, "mkaandike vizuri."

Siku mbili zilizofuata nilikaa kwake. Tuliongea habari za mvua, na za binamu yangu aliyeolewa Palma. Hilo lingine hatukuligusa.

Tuliporudi chuoni na kuanza kuingiza majibu kwenye kompyuta, dotori akatuita. Nyumba moja ilikuwa na watu watano, lakini safu ya umri ilijazwa wawili tu. Nikamgeukia mwenzangu.

"Nilishindwa kuandika wawili," alisema. "Mama alikuwa akiutazama mkono wangu."

Nikamweleza dotori yote. Alivua miwani.

"Pole sana," alisema. Kisha akaniuliza, "Katika nyumba nyingine, wangapi walisita kabla ya kukujibu?"

Nikawakumbuka. Bibi mmoja aliyesema "wanne", akanyamaza, akasema "hapana, mmoja". Mwanamume aliyemtazama mkewe kwanza. Niliandika namba ya mwisho waliyoitamka, nikageuza karatasi.

"Kwa hao ulifuata kanuni," dotori alisema. "Na kwa huyu ifuatwe, au wote wahesabiwe upya."

Alikuwa na haki, na siku ile nilimchukia. Nikafuta tano, nikaandika mbili kwa mkono wangu. Wastani wa mtaa ulishuka kidogo, kiasi kwamba mtu asiyejua asingeona. Tulipata alama kumi na nne kati ya ishirini.

Miezi michache baadaye mdogo wangu alinipigia simu. Watu wa kugawa chakula walikuja kuandikisha nyumba. Mkuu wa mtaa alimnong'oneza mama amtaje mumewe na mwanawe, kila mtu anafanya hivyo, chakula kiongezeke. Mama akasema, "Sisi wawili."

"Mkuu akamwuliza kwa nini," mdogo wangu alisema. "Mama akamjibu, binti yangu yuko chuo, yeye ndiye anayejua kuhesabu."

Nimemwomba mama radhi mara mbili. Mara ya kwanza alisema hakuna kosa. Mara ya pili aliniuliza kama nimekula. Eda hajakaa hadi leo, kwa kuwa hakuna aliyemthibitishia kifo. Kama bado anangoja, au ameacha kungoja siku ile uani, sijathubutu kumwuliza.