Nelima wa Ukurasa wa Unga

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliosema hivyo hawakumjua jirani yangu Nelima wa hapa Yamumbi, ambaye ameajiriwa kukitembeza. Yeye ndiye anayejibu watu kwenye ukurasa wa Facebook wa kampuni moja ya unga mjini Eldoret. Ukisifu, anakurushia mioyo. Ukilalamika, anakuomba radhi kwa upole hadi unajuta kufungua mdomo. Simu haimtoki mkononi hata kanisani. Mimi humtania kwamba siku ya harusi yake atamjibu mchungaji, "Asante kwa kuwasiliana nasi."

Mwezi uliopita utani uliniishia. Mwanamke mmoja wa Sugoi aliweka picha ya ugali wa rangi ya jivu, akasema ni mchungu na watoto wake wanaumwa na tumbo. Komenti zikamiminika. Nelima akamuuliza mtu wa stoo, akaambiwa ukweli: paa lilivuja, mahindi yakalowa, yakaota ukungu, na bado yakasagwa. Akampelekea mkubwa wao, Wachira, habari hiyo akidhani atashtuka. Wachira akamwambia afute komenti zote mbaya na aandike kwamba ni njama za washindani, la sivyo kiti chake kina wengi wanaokitamani.

Akafuta. Mchana kutwa alifuta, na kila aliyefutwa akarudi na wenzake. Jioni alikuja kwangu, akakaa, akasimama, akaenda dirishani, akakaa tena. Chai ikapoa mbele yake. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma pia, maana kazi hiyo ndiyo inayosomesha wadogo zake.

Kumbe mama yake, Mama Nanyama wa Moi's Bridge, alikuwa akisoma ukurasa ule kila siku kwa fahari tu ya kuona kazi ya mwanawe. Alipoona watu wanatukana, akafanya ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya: akasimama mbele za watu kumtetea mtoto. Akaandika, "Anayewajibu hapa ni Nelima, msichana wangu wa kuzaa. Amelelewa kanisani. Hawezi wapea unga mbaya."

Basi watu wakatulia. Wengine hata wakamwomba mama msamaha. Wachira alifurahi, akataka mama aandike tena.

Nelima ndiye aliyekosa raha. Hakulala vizuri, hakula, na asubuhi alikuwa tena uani kwangu akizunguka na simu yake. Mama akapiga, sauti imejaa furaha. Akina mama wa kanisa wamekuja kwake kwa maombi, na kwa kuwa sasa kila mtu anamjua mwenye unga, wamenunua uleule. Maji yako motoni.

"Mama, hiyo unga msipike."

"Kwani si ni yenu?"

"Ni yetu. Imeoza. Nilikuwa najua."

Tukamsikia mama akiwaambia wenzake watoe sufuria, kisha simu ikakatika bila kwaheri.

Nelima alisimama palepale akilia bila sauti. Halafu akafungua ukurasa wa kampuni, na chini kabisa ya maneno ya mama yake akaandika, "Unga huu msipike. Umeoza." Akatia jina lake.